Zamu Yetu ya Mfongo

Nilipokuwa mdogo, maji yalikuja kwetu kwa kuitwa. Mfongo wetu, yaani mfereji uliochimbwa na wazee wa zamani, unaanzia juu karibu na msitu na kushuka Old Moshi ukipita kihamba baada ya kihamba, yale mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa, na kila nyumba ina zamu yake. Aliyemaliza zamu alisimama ukingoni akapaza sauti kwa jirani wa chini yake: "Maji yanakuja!" Jirani alijibu, "Nimesikia!" akakimbia kufungua kwake. Babu alikuwa anajibu kwa sauti iliyotawanya kuku. Zamu yake ikiisha, naye aliita kuelekea chini, kwa jirani yetu ambaye ndiye wa mwisho kabisa kwenye mfongo. Mimi nilikaa juu ya jiwe nikisubiri kusikia jibu likirudi kupitia migomba.

Babu alifariki nikiwa darasa la sita. Tulimzika mgombani, ndani ya kihamba chake. Zamu iliyofuata, jirani wa juu alimaliza kumwagilia, akaziba, maji yakapelekwa tawi lingine. Hakuna aliyetufukuza. Hatukuitwa tu.

Sababu yake kila mtu aliijua, kwa hiyo hakuna aliyeisema. Zamu walipewa wanaokuja na jembe siku ya msaragambo, ile siku ya kusafisha mfongo kwa pamoja, na msaragambo wa mfongo ulikuwa kazi ya wanaume. Kwetu tulibaki bibi na mimi. Wajomba wako Dar es Salaam. Wanakuja Desemba kama wenzao wote, wanachinja, wanakula, wanapiga picha na mlima, wanaondoka. Mfongo hausafishwi Desemba.

Magimbi ndiyo yaliyotangulia kufa, maana yanapenda kukaa miguu majini. Kisha kahawa ikaanza kupukutisha majani kila kiangazi. Mnafu, ile mboga chungu ambayo huku kwetu hatuli ugali vizuri bila hiyo, niliuokoa kwa ndoo. Nilimaliza la saba, nikabaki nyumbani, nikawa mtu wa ndoo. Nilishuka korongoni na kupanda, kushuka na kupanda, na mwisho wa juma nilipeleka mafungu ya mnafu mjini.

Halafu wajomba wakaanza maneno. Walisema bibi amezeeka, kihamba kimekauka, hakuna cha kulinda tena, ahamie Dar. Bibi alisikiliza simu mpaka mwisho, akanirudishia, akasema, "Waambie babu yako hajui njia ya Dar. Nikienda, nani atamfagilia kaburi?" Alicheka, lakini jioni ile hakula. Nikajua kwamba bila maji, Desemba moja watakuja na gari na kumchukua.

Mnafu wangu niliuuza kwenye kantini ya chuo kimoja mjini Moshi. Kantini ile iko nyuma ya ukumbi wa taasisi ya siasa ya chuo hicho, na mpishi wake, mama mnene wa Majengo mwenye sauti kubwa, alikuwa ananiambia siku za kuleta mafungu mengi: "Jumamosi kuna mhadhara wa wazi, mwanangu. Watu wa siasa wakimaliza kubishana wanakula kama wamelima." Nilikuwa nimeliona bango mlangoni mara nyingi. Liliandikwa kwamba wananchi wote wanakaribishwa na hakuna kiingilio. Nililisoma kama ninavyosoma matangazo ya ndege. Yanawahusu watu wengine.

Jumamosi moja mvua ya masika ilinikuta hapo na beseni kichwani. Nikajibanza chini ya paa la ukumbi. Mlangoni alisimama mwanafunzi wa kike, amevaa sweta juu ya sweta na soksi ndani ya kandambili, akipokea watu.

"Karibu ndani, dada. Nafasi zipo."

"Mimi naleta mboga," nikasema, kwa sauti ambayo mvua iliimeza.

"Umesemaje?"

"Naleta mboga."

"Si mboga za mwananchi hizo? Ziingie nazo zisikilize."

Nikaingia kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Nilikaa nyuma kabisa, beseni miguuni. Mbele alikuwa mama mhadhiri, mwenye nywele fupi za mvi, anazungumza Kiswahili cha kawaida kabisa, akitembea huku na huku kama mtu anayesubiri sufuria ichemke. Alikuwa anaeleza mkutano mkuu wa kijiji. Alisema si wa mwenyekiti, wala si wa wazee. Ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka kumi na nane na mwenye akili timamu. "Kwa hiyo," akasema, "wewe uliyekaa kule nyuma ukidhani umekuja kutazama, kijijini kwenu wewe ni mbunge, ila hupewi posho." Watu wakacheka. Kisha akauliza nani ana swali.

Nilikuwa nalo. Sikuwahi kuwa na swali la wazi namna ile maishani mwangu. Mkono wangu ulipanda mpaka usawa wa sikio, ukafika kwenye kitambaa cha kichwa, ukaanza kukirekebisha. Kitambaa hakikuwa na tatizo lolote. Nilikirekebisha mpaka maswali yakaisha.

Tulipotoka, yule wa masweta alinifuata hadi kantini. "Dada wa mboga, kile kitambaa kilitaka kuuliza nini?"

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu alikuwa anatetemeka na baridi na mimi nilikuwa natetemeka na aibu, tukalingana. Nilimweleza habari ya mfongo, ya babu, ya kuitwa na kutoitwa. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniambia taasisi yao ina mpango: kila mwanafunzi anafuatana na mwananchi mmoja kwa miezi kadhaa, wanafanya mazoezi pamoja kila Jumamosi, mpaka mwananchi yule apeleke jambo lake mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji chake.

"Utanisemea?" nikauliza.

"Hapana. Sheria ya mpango ni moja. Mwanafunzi akifungua mdomo kwenye mkutano wa kijiji, amefeli. Si kijiji chake."

Nilitaka kukimbia. Lakini nilikumbuka chakula ambacho bibi hakukila.

Basi nikawa mtu wa Jumamosi. Nilikabidhi mboga, nikanawa miguu kwenye bomba la kantini, nikaingia ukumbini. Tulikuwa wananchi wachache tu. Kila mmoja alisimama mbele na kusema jambo lake huku wengine wakijifanya kijiji. Wanafunzi waliigiza vizuri mno. Mmoja alilala na kukoroma, mwingine alipokea simu kwa sauti, mwingine alipiga kelele, "Hoja hiyo ipelekwe kwa kamati!" Mara ya kwanza nilisema jina langu na jina la kitongoji nikakaa. Walinipigia makofi kama nimeshinda uchaguzi, na mimi nikachukia makofi yale, nikaona wananionea huruma.

Mama mhadhiri hakunipigia makofi. Alikwenda nyuma kabisa ya ukumbi, akagonga mgongo wa kiti cha mwisho. "Sema na hiki," aliniambia. "Usiniangalie mimi, usiangalie wale wanaokoroma. Hiki kiti ndicho kinachokuhitaji. Kikisikia, wote wamesikia."

Nikasema na kiti. Jumamosi baada ya Jumamosi, kiti kikaanza kunisikia. Nyumbani nilisema na ng'ombe bandani. Siku moja bibi alichungulia akiwa na majani mikononi. "Ng'ombe amekwisha kubali," akasema. "Sasa nenda kwa watu."

Yule wa masweta ndiye niliyepangiwa; mwenzangu, nimwite hivyo, alitokea Lindi. Alipanda kwetu mara ya kwanza akiwa amejifunga shuka la kitandani kiunoni chini ya gauni ili apate joto. Bibi alimpenda tangu alipomwona. Alimwita mtoto wa bahari, akamwekea kiti karibu na jiko, akamlisha kiburu, zile ndizi zilizopikwa na maharage, mpaka akaomba msamaha.

"Bibi, kwetu ndizi ni tunda," mwenzangu alisema akishika tumbo. "Huku ndizi ni chakula, ndizi ni supu, ndizi ni pombe, na magome mnampa ng'ombe. Mkikosa ndizi mtavaa nini?"

"Majani yake," bibi akajibu. "Kula."

Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika masika yalipokuwa yanaisha, kwenye uwanja wa ghala la zamani la kahawa. Nilikuwa nimejiandaa. Tulikuwa tumepanga maneno yangu vizuri, mwenzangu na mimi: tatizo, sheria, ombi. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mengineyo, nilinyoosha mkono na haukuishia kwenye kitambaa. Nikasimama. Nikasema kwamba mimi ni mkazi, nimefikisha umri, nina haki sawa na mkazi yeyote, na kwamba kunyimwa maji kwa sababu nyumba haina mwanaume ni ubaguzi usiokubalika katika nchi yetu. Nilisema yote bila kusahau hata neno. Kiti cha mwisho siku ile kilikuwa ni ukuta wa ghala, na ukuta ulinisikia.

Mzee wa mfongo akasimama. Ndiye anayesimamia zamu zote, mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu ambayo haivui hata kanisani mpaka mkewe amguse. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Mjukuu wangu," akasema, "umesema vizuri kama redio. Hata mimi nimetaka kukuongezea sauti." Wanaume wakacheka. "Lakini mfongo huu haukuchimbwa na nchi. Ulichimbwa na majembe. Serikali haijawahi kuja kuzibua tope hapa. Jembe likija msaragambo, nyumba yake inapewa zamu. Jembe lisipokuja, haipewi. Ndivyo tulivyoikuta. Sasa nikuulize kwa heshima: tangu babu yako atangulie, jembe la kwenu limekuja na nani?"

Tulifanya mazoezi ya watu wanaokoroma na watu wanaopiga kelele, hatukufanya mazoezi ya mtu anayeuliza swali la kweli kwa upole. Nikakaa. Mwenyekiti akasema hoja imejibiwa.

Tukaanza safari ya kurudi nyumbani. Mwenzangu alikuwa anafuta macho kwa ncha ya lile shuka lake na kudai ni vumbi, wakati njia ilikuwa tope. Jikoni nilimwambia bibi kwamba basi, nimejaribu, Desemba ikija nitamsaidia kufunga vitu. Bibi aliendelea kumenya ndizi.

Mwenzangu ndiye aliyeuliza. Aliuliza kama mtoto anavyouliza, kwa sababu hakuzaliwa huku na alikuwa hajui nini hakiulizwi.

"Bibi, samahani. Hiyo zamu ni ya mwanaume au ni ya jembe?"

Kisu kikasimama. "Ni ya jembe," bibi akasema. "Si umemsikia?"

"Basi mwanamke akija na jembe?"

"Hajawahi kuja."

"Alikatazwa?"

Maji ya sufuria yakaanza kulia. "Kule juu kwenye banio, maji yanapotoka mtoni, ndiyo. Mwanamke hafiki pale, tangu zamani. Lakini huku chini..." Alitazama mlangoni kana kwamba mtu anasikiliza. "Huku chini sijawahi kusikia mtu akikatazwa. Hakuna aliyewahi kwenda. Babu yako alikwenda, mimi nikapika. Nani angeuliza?"

Bibi aliinuka, akaingia chumbani, tukamsikia akivuta kitu chini ya kitanda. Akatoka na jembe la babu. Mpini wake ulikuwa umelainika mahali pa mikono kama sabuni iliyotumika. Akaniwekea magotini, akarudi kwenye ndizi zake.

Jumamosi iliyofuata niliwaeleza ukumbini yaliyotokea. Mama mhadhiri alicheka mwenyewe, akapiga kiganja kwenye meza. "Mmekwenda na sheria ya nchi," akasema, "na ni ya kweli, msiiache. Lakini mzee amewapa sheria ya mfongo bure, mbele ya kijiji kizima, na kijiji kimemshuhudia. Mtafanya nini nayo?" Akauliza msaragambo ni lini. Wanafunzi kadhaa wakasema watakuja kulima nasi. Akawakubalia kwa sharti moja: wachimbe, lakini siku ile wasihesabiwe, maana hawana kihamba pale.

Mbiu ya msaragambo ilipigwa mwezi wa sita, katika ile baridi yetu ya mawingu wakati mlima hauonekani wiki nzima. Nilitoka asubuhi na jembe la babu begani. Sikuwa peke yangu. Yule jirani wa chini, wa mwisho kwenye mfongo, naye alifiwa na mume muda mfupi kabla ya babu kufariki, na zamu yake ikanyamaza kama yetu. Alikuwa amenisikia pale ghalani. Alinisubiri njiani na jembe lake, amejifunga kanga mbili na kuvaa buti za marehemu.

"Ulisema kama redio," akaniambia, "lakini redio nimeisikia."

Wanaume walipotuona, mmoja akasema, "Leo tumeletewa chai mapema." Jirani yangu akajibu, "Chai ipo kwa mkeo, mangi. Sisi tumeleta majembe." Tukashuka hadi kipande cha mwisho, kile cha kwetu, ambacho hakuna aliyekigusa tangu nyumba zetu zinyamaze. Kilikuwa si mfongo tena. Mizizi, tope, magugu, mawe yaliyoporomoka. Tukaanza. Wanafunzi walikuja wakiwa wamechelewa, wamevaa viatu vyeupe ambavyo baada ya muda mfupi havikuwa na rangi. Mwenzangu wa Lindi alishika jembe kama mtu anayeshika nyoka, lakini hakuliacha. Tulilima mpaka migongo ikakataa, tukapumzika, tukalima tena. Kitu kimoja kilinishangaza: sikuona aibu. Ukilima, hakuna anayekutazama usoni.

Mfongo wetu una desturi yake ya kumaliza. Kila mtu anasimika jembe lake ukingoni, mpini juu, na mzee wa mfongo anapita akigusa mpini mmoja mmoja na kuuliza, "La nani?" Mwenye jembe anataja nyumba yake. Ndivyo zamu zinavyohesabiwa. Tulipanda hadi walipokuwa wanaume, tukasimika ya kwetu mwishoni mwa mstari. Wanafunzi walilaza majembe yao chini kwenye majani, kama walivyoambiwa.

Mzee akaja. La nani, la nani, la nani. Akafika kwangu, akashika mpini, na mkono wake ukakaa pale muda mrefu kuliko ulivyokaa kwenye mipini mingine. Alilijua jembe lile. Yeye na babu walisimika majembe yao pamoja tangu ujana.

"Hili ni la marehemu," akasema, bila kuuliza.

"Limekuja, mzee," nikasema.

Alinitazama. Akamtazama jirani yangu, na buti zake, na tope lililotufika kiunoni. Akavuta kofia yake chini. "Hili silijibu peke yangu," akasema. "Litajibiwa na mkutano." Akapita bila kuhesabu.

Wanaume wengine waliona tumeshindwa. Mmoja alitupa pole. Lakini mwenzangu, ambaye alikuwa ameuma kitambaa chake muda wote ili asiseme neno, alininong'oneza tuliposhuka: "Hakusema hapana. Umesikia? Alikuwa na nafasi ya kusema hapana, hakuisema."

Mwenyekiti aliitisha mkutano kabla ya kiangazi kukaza, maana zamu lazima zipangwe. Safari hii watu walijaa hadi nje ya uwanja wa ghala. Wanawake walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona kwenye mkutano wowote, wengine na watoto mgongoni, wengine na mafungu ya majani ya ng'ombe kana kwamba walikuwa wanapita tu. Bibi alikuja na kiti chake mwenyewe. Wanafunzi na mama mhadhiri walikaa nyuma kabisa, karibu na ukuta.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga maneno.

"Shikamoo, mzee wangu," nikamwambia mzee wa mfongo.

"Marahaba."

"Kwenye mkutano uliopita uliniuliza swali, nikakosa jibu. Uliuliza jembe la kwetu limekuja na nani. Nimekuja kukujibu. Limekuja na mimi. Nimelima kipande kile cha chini ambacho hakijalimwa tangu babu afariki, mimi na jirani yangu. Nilisimika jembe pale pale mnaposimika. Banio sikwenda na siendi, naheshimu. Wewe ndiye uliyetuambia hapa, zamu inatolewa kwa jembe. Na jembe, mzee wangu, halioti ndevu."

Kicheko kilianzia kwa wanawake kikafika kwa wanaume. Kijana mmoja aliyeketi juu ya ukuta akapiga kelele, "Wanawake wote wakienda mfongoni, mtori atapika nani?"

"Mtori unapikwa na maji, kaka," nikamjibu. "Wewe unapika na nini?"

Hapo uwanja mzima ulivunjika kwa kicheko. Yule kijana alishuka ukutani. Bibi alipiga fimbo yake chini mara nyingi, akisema kwa Kichagga maneno ambayo sitayaandika.

Mwenyekiti alipotuliza watu, mzee wa mfongo alisimama. Alivua kofia. Mkewe hakuwa amemgusa.

"Nimegusa mipini maisha yangu yote," akasema. "Mtu anaweza kunidanganya kwa mdomo, kwa mpini hawezi. Wapo wanaokuja asubuhi, wanakaa kivulini, mwisho wanasimika majembe makavu. Nawajua, na wao wananijua." Baadhi ya wanaume walitazama viatu vyao. "Mpini wa rafiki yangu ulikuwa umelowa jasho. Mimi sikuuhesabu siku ile kwa sababu sikujua kama nina ruhusa. Sasa nawaomba ninyi mniambie. Anayesema jembe lihesabiwe, bila kuangalia nani amelishika, anyooshe mkono."

Mkono wangu ulipanda. Ulipita sikio, ukapita kitambaa, ukafika juu kabisa ukabaki huko. Nilipogeuka, niliona mikono kama shamba la mahindi. Mikono ya wanawake iliyoshika majani ya ng'ombe. Mkono wa bibi na fimbo yake. Mikono ya wanaume pia, mingi, na mkono wa mzee mwenyewe ukiwa na kofia. Walioombwa kunyoosha kwa kukataa walikuwa wachache, na walinyoosha mpaka usawa wa sikio tu. Niliwaelewa vizuri.

Mtendaji wa kijiji alisoma uamuzi kwa sauti, mwenyekiti akafunga mkutano. Kule nyuma mwenzangu alisimama, akamgeukia mama mhadhiri.

"Umefungwa?"

"Umefungwa."

"Naruhusiwa?"

"Unaruhusiwa."

Akapiga kigelegele cha kwao Lindi, kirefu, cha kupanda na kushuka, ambacho nadhani kilifika msituni. Wanawake wa kwetu wakakipokea. Mzee wa mfongo akaniambia, "Huyo naye mleteni msaragambo ujao, atupigie mbiu." Bibi akamshika mkono mzee akamwambia, "Aika mbe," asante sana, na wote wawili hawakuachana mikono kwa muda.

Jumamosi iliyofuata mama mhadhiri aliniita mbele ya ukumbi, akaniambia safari hii nisifanye mazoezi, niendeshe mazoezi. Alikuwepo baba mmoja mpya, mchukuzi wa mizigo ya watalii kutoka Marangu, mwili kama mlango. Alisimama mbele, akasema jina lake, akakaa. Watu wakaanza kupiga makofi, nikawazuia. Nilikwenda nyuma nikagonga mgongo wa kiti cha mwisho.

Zamu yetu ilipangwa asubuhi ya siku ya soko. Bibi alikuwa ameamka kabla yangu, amefagia juu ya kaburi la babu, ameweka kiti chake mgombani kama mtu anayesubiri mgeni wa heshima. Nilikuwa nimeandaa gome la mgomba na udongo wa kuzibia. Nilisimama ukingoni. Nilijiambia labda wamesahau.

Kisha kutoka juu, katikati ya migomba, jirani aliita. "Maji yanakuja!"

"Nimesikia!" nikajibu, na kuku wakatawanyika.

Maji yalifika yakiwa ya kahawia, yanasukuma majani mbele yake, yakasita penye mchanga mpya tulioulima sisi, yakazunguka, yakapita. Niling'oa kizibo. Yakaingia kihambani, kwenye kahawa, kwenye mashimo ya magimbi nilipopanda vichipukizi vipya. Bibi alivua viatu akaweka miguu ndani. Alinionyesha tu kwa fimbo mahali ambapo maji yalikuwa hayajafika, hapa, na hapa, na pale, kama zamani alivyomwonyesha babu. Baadaye mjomba alipiga simu. Bibi aliishusha simu karibu na mfongo. "Unasikia hayo?" akamuuliza. "Hapo ndipo nilipo." Akaikata.

Muda wetu ulipoisha nilifunga kwetu kwa gome na udongo, nikapanda juu ya lile jiwe nililokuwa nakaa nikiwa mtoto. Chini kabisa, mwisho wa mfongo, ilikuwepo nyumba moja iliyokuwa inasubiri. Kutoka kwetu haionekani, kuna migomba mingi katikati. Nikavuta pumzi, nikaita mpaka koo likauma:

"Maji yanakuja!"

Ndege waliruka. Halafu kutoka mbali, kutoka kule mwisho, ikarudi sauti ya mama mwenye buti za mumewe:

"Nimesikia!"